Doria, ngozi, nyumba, duara au basi: tuweke nguvu zetu wapi?

Swali lilianzia kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi wazungumzaji wa Kiswahili tulioletwa Winnipeg na kazi, masomo au mikasa ya maisha. Dada mmoja anayefanya kazi za usiku alituma picha ya gauni jekundu limetundikwa kwenye tawi la mti, halina mtu ndani, upepo unalizungusha. Akauliza, "Jamani, hii ni nini? Leo nimepita matatu." Mwenzetu mwenye miaka mingi hapa akamjibu kwamba kila gauni ni mwanamke wa jamii za asili za Kanada aliyeuawa, au aliyepotea asionekane tena, na kwamba wazo hilo lilianzishwa na msanii Mmétis (jamii yenye asili ya mchanganyiko wa wenyeji na Wazungu), Jaime Black. Siku hizi kila tarehe 5 Mei magauni hayo huonekana nchi nzima.

Haikupita saa moja, kundi likawa limeshafika kwenye pesa. Tuchange, sawa, ila tumpe nani? Kaka zetu wengi walitaka doria, watu wa kutembea mitaani usiku. Akina mama wakasema doria hailali na mtu nyumbani, bora nyumba ya kukimbilia. Kijana mmoja wa chuo akaleta habari za kipande cha ngozi ambacho wanaume hubandika kifuani. Mabishano yakawaka, halafu mzigo nikatwishwa mimi: "Wewe unayesomasoma, hebu tulinganishie." Basi ndiyo haya, na pale ninapoegemea upande mmoja sikujificha.

Kwanza, hatari yenyewe iko wapi

Mwaka 2014 polisi wa taifa, RCMP, walitoa hesabu yao. Kati ya 1980 na 2012 waliandikisha wanawake na wasichana wa asili 1,181: waliouawa 1,017 na waliopotea 164. Wanawake wa asili walikuwa asilimia 4.3 tu ya wanawake wote nchini, lakini kati ya wanawake waliouawa walikuwa asilimia 16. Tume ya kitaifa ya uchunguzi, iliyokabidhi ripoti yake Juni 2019 pamoja na madai 231 ya haki, ilisema bila kumung'unya maneno kwamba hakuna ajuaye idadi kamili, na jambo lenyewe ikaliita mauaji ya kimbari. Kwa hiyo hesabu ya polisi ichukuliwe kuwa pungufu.

Pamoja na upungufu huo, kuna namba moja ndani yake ambayo ningependa kila mtu wa kundi aitazame kabla hajatoa senti. Waliouawa na mtu wasiyemjua kabisa ni asilimia 8. Waliobaki, karibu wote, waliuawa na mume au aliyewahi kuwa mume, na ndugu, na mpenzi, au na mtu waliyefahamiana naye tu. Hao wa kufahamiana tu peke yao ni asilimia 30. Kwa wanawake waliouawa wasio wa jamii za asili ni asilimia 19. Mtu wa namna hiyo ni nani? Ni jirani wa ghorofa ya juu, ni yule anayekupa pa kulala siku mbili, ni rafiki wa rafiki mwenye gari. Ukiuliza kama hatari iko mtaani au nyumbani, utajibiwa vibaya, maana karibu theluthi moja yake iko katikati, kwenye kizingiti.

Ndiyo maana kila juhudi niliipima kwa kuuliza inaziba tundu gani, nani anaishika, na inataka nini kwetu. Halafu nikaongeza swali ambalo kwenye kundi hakuna aliyeliuliza: siku ikiharibika, anaumia nani?

Doria na nyumba

Bear Clan Patrol, yaani doria ya Ukoo wa Dubu, ilianzia mtaa wa North End hapa Winnipeg mwaka 1992. Katika mila za Waanishinaabe, mojawapo ya mataifa ya asili, ukoo wa dubu ndio wenye kazi ya kuwalinda wengine, na jina likatoka huko. Ilitembea miaka michache ikazimika. Ilifufuliwa 2015, na kilichoifufua kila mtu wa mji huu anakijua: Agosti 2014 mwili wa Tina Fontaine, msichana wa miaka 15 kutoka jamii ya asili ya Sagkeeng, ulitolewa Mto Red. Mtoto huyo alikuwa chini ya uangalizi wa serikali. Katika wiki zake za mwisho alipita mikononi mwa polisi, wahudumu wa afya na maofisa wa ustawi wa watoto, na bado akapotea. Watu wa North End wakasema kama wenye mishahara wameshindwa kumwona, tutaona wenyewe.

Ukikutana nao jioni unaweza kudhani ni watu wa usafi. Wamevaa rifleksa, mmoja anavuta kigari chenye maji ya chupa na chakula, mwingine ana koleo refu mkononi. Anainama penye nyasi kando ya uzio, anaokota bomba la sindano kwa ncha ya koleo, analitumbukiza kwenye kopo gumu la plastiki, anasonga. Hawana silaha, hawakamati mtu, hawafukuzi mtu. Wanasalimia. Kazi yenyewe, kwa macho yangu, ni ile salamu. Mwanamke anayesimama kona ileile kila wiki, akijulikana kwa jina na kwa kofia yake ya sufu, siku asipoonekana kuna mtu atakayeuliza kesho yake. Wengi wa waliopotea waliulizwa wakiwa wamechelewa mno.

Kaka zetu walipoisoma sehemu hii walifurahi, mpaka nilipowaeleza kuhusu Mama Bear Clan. Hiyo ni doria nyingine ya hapahapa, ya Point Douglas, iliyoanza 2016 kwenye kituo cha wanawake cha mtaa huo, na wanaoiongoza ni wanawake. Mwanamume anakaribishwa, ila anakwenda kwa mwendo wa akina mama. Ukimya ukatanda kidogo kwenye kundi.

Sasa, tundu ambalo doria haiwezi kuliziba liko wazi. Doria hurudi nyumbani. Rifleksa zikivuliwa, usiku bado mrefu, na Januari hapa baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwanamke asiye na pa kulala usiku huo hana uhuru wa kuchagua nani wa kumwamini. Atakubali lifti, atakubali godoro, atakubali yule wa asilimia 30.

Hapo ndipo inapoingia nyumba. Velma's House ilifunguliwa 2021 na Ka Ni Kanichihk, shirika la wenyeji wa asili lililokuwepo mjini tangu 2001, na ikapewa jina la mama mzee Velma Orvis. Iko wazi saa 24, siku saba, kwa wanawake na watu wa roho mbili (wenyeji wa asili ambao jinsia yao si ya kiume wala ya kike tu), na masharti ya mlangoni ni machache kwa makusudi. Nyumba nyingi za kukimbilia humtaka mtu aje na historia iliyopangika: amepigwa na nani, lini, ana watoto wangapi, amekunywa au hajanywa. Hii imejengwa kwa ajili ya yule ambaye usiku ule hana maelezo, ana baridi tu.

Ukiziweka pamoja, doria inataka miguu, nyumba inataka hela ya kila mwezi: mishahara ya wafanyakazi wa zamu ya usiku, umeme, joto, chakula, sabuni. Ndiyo tofauti kubwa kwa kundi kama letu. Wachache wetu tuna jioni huru, wengi tuna dola ishirini. Na kwenye swali langu la mwisho zinaachana kabisa. Ile doria ya 1992 ilipozimika, mtaa ulirudi kuwa kama ulivyokuwa. Ni hasara, lakini hakuna aliyekuwa ameegemeza uzito wake wote pale. Nyumba ikifungwa ghafla, aliyeizoea anafika saa nane usiku na kukuta kufuli, na hana mpango mwingine kwa sababu mpango wake ulikuwa wewe. Kwa hiyo anayetaka kuchangia nyumba asije na harambee moja kubwa yenye picha na keki. Aweke kidogo kila mwezi, na asikatize.

Kipande cha ngozi

Agosti 2011 Paul Lacerte na binti yake Raven, watu wa taifa la Carrier huko British Columbia, walikuwa wakiwinda kando ya Barabara Kuu 16. Barabara hiyo nitairudia. Kwa sasa tosheka kujua kwamba wanawake wengi wamepotelea juu yake, na ndiyo maana huitwa Barabara ya Machozi. Baba na binti wakamwangusha musi, yule kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini mwenye pembe bapa kama sinia. Wakiwa wanamchuna karibu na barabara ile likawajia wazo: ngozi hii isindikwe, ikatwe vipande vidogo vya mraba, na kila mwanamume atakayebandika kimoja kifuani awe ameahidi kutowafanyia ukatili wanawake na watoto, wala kunyamaza akiuona.

Moose Hide Campaign ikazaliwa hivyo. Leo vipande vilivyogawiwa ni mamilioni, utaviona kwa walimu, polisi, wanasiasa na mafundi bomba. Hutolewa bure. Kila Mei kuna siku maalumu ambayo wanaume hufunga, bila chakula wala maji, kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Sisi wenye kuijua saumu hatuhitaji kuelezwa kinachotokea saa tisa alasiri, mtu anapoanza kujiona alivyo.

Sitaki kukibeza kipande hiki. Kina ukubwa wa kucha ya kidole gumba, lakini kinamlazimisha mwanamume aulizwe, "Hicho ni nini?" na yeye ajibu kwa mdomo wake mbele ya wenzake. Kazini, kinyozi, kwenye basi. Ni njia rahisi kuliko zote kwa mgeni kuingilia, kwa kuwa haikutaki uwe wa jamii za asili, haikutaki uache shughuli zako, na haigharimu kitu.

Lakini urahisi huo ndio kasoro yake. Ahadi ni ya kesho, haigusi la jana. Mpigaji naye anaweza kuibandika, na vizuri tu, akaonekana mtu wa maana. Kwenye swali la nani anaumia ikiharibika, jibu la haraka ni kwamba hakuna. Jibu la polepole ni kwamba anaumia mwanamke aliyekiona kipande kifuani kwa mtu akadhani yuko salama.

Afadhali basi kukilinganisha na ndugu yake asiyejulikana sana. Huko Ontario, tangu 2005, shirikisho la vituo vya urafiki vya wenyeji wa asili lina mpango unaoitwa Kizhaay Anishinaabe Niin, maneno ya Kianishinaabe yenye maana ya "mimi ni mwanamume mpole". Hapo hakuna kubandika. Wanaume hukaa pamoja, wakati mwingine pamoja na wavulana, wakazungumza wakiongozwa na mafundisho saba ya mababu: hekima, upendo, heshima, ujasiri, uaminifu, unyenyekevu na ukweli. Wengine wao wamekwisha kuwa wakali nyumbani na wanajua. Wanafundishwa kwamba ukali huo hawakuurithi kwa mababu, kwamba shule za bweni za serikali na za makanisa zilizowatenga watoto na wazazi wao kwa zaidi ya miaka mia zilivunja namna mwanamume alivyofundishwa kuwa mwanamume, na kwamba kujua chanzo hakukuondolei lawama.

Ngozi inafika kwa wengi kwa kina kifupi, vikao vinafika kwa wachache kwa kina kirefu. Mtu akiniambia ana mwaka mmoja tu wa kujitolea, nitampeleka kwenye ngozi. Akiwa na miaka mitano ya kujitolea na moyo wa kustahimili, nitamwambia ajifunze vikao vinavyoendeshwa, kisha akavianzishe kwa wanaume wa jamii yake mwenyewe, yaani sisi. Vya Ontario ni vya wanaume wa asili na vibaki kuwa vyao.

Duara la Hollow Water

Nilisita kuliingiza hili, kwa kuwa si la kujiunga wala la kuchangia. Nimeliingiza kwa sababu ndilo pekee kati ya yote linaloingia ndani ya nyumba, likakaa na ukweli wenyewe.

Hollow Water ni kijiji cha Waanishinaabe ufukoni mwa Ziwa Winnipeg, upande wa mashariki, karibu kilomita 200 kutoka hapa. Katikati ya miaka ya 1980 kikundi cha wenyeji na watoa huduma, wengi wao wanawake, kilianza kukutana kujadili vijana wao waliokuwa wakinywa na kujidhuru. Kila walipochimba walikuta kitu kilekile chini: ubakaji na udhalilishaji wa watoto ndani ya familia, kizazi juu ya kizazi. Wao wenyewe walikadiria kwamba watatu kati ya wanne kijijini waliwahi kutendewa, na zaidi ya theluthi moja waliwahi kutenda. Hapo huwezi kumtafuta mkosaji kama mgeni aliyekuja usiku. Ni mjomba wako, na pengine naye alitendewa.

Wakaunda mpango wa hatua 13. Kwanza mtu anasema. Pili, kabla ya lolote, aliyesema analindwa. Ndipo mtendaji anakwenda kukabiliwa na timu, na anapewa njia mbili: akubali kosa, aandikishe polisi, akiri mahakamani na kuingia kwenye mpango, au apambane na mahakama peke yake. Akikubali, timu humwomba hakimu asubiri miezi minne hivi kabla ya hukumu. Miezi hiyo hupita kwenye maduara. Anasema alichofanya mbele ya timu, kisha mbele ya familia yake ya karibu, kisha mbele ya ukoo mpana. Kila duara ni kubwa kuliko lililotangulia, na kila mara maneno ni yaleyale, yanazidi kuwa magumu.

Desemba 1993 mahakama yenyewe ilikuja kijijini na hukumu ikatolewa ndani ya duara. Watu walizunguka mara nne. Mara ya kwanza kila mmoja alieleza kwa nini amekuja. Mara ya pili wakazungumza na aliyetendewa. Mara ya tatu wakamgeukia mtendaji na kumweleza alichowafanyia wote. Mara ya nne wakasema wanapendekeza nini. Zingatia mpangilio huo: mtendaji hasemeshwi hadi aliyeumizwa ameshasikia sauti za kijiji kizima zikimwambia, "Si kosa lako."

Mwanzoni watu wa Hollow Water waliunga mkono jela. Walibadilika walipoona wanaotoka jela wakirudi bila kuwahi kusema ukweli mbele ya mtu waliyemuumiza. Utafiti uliochapishwa 2001 kwa ajili ya serikali ya Kanada uliwaangalia watendaji 107 waliopita kwenye mpango: waliorudia kosa walikuwa wawili. Sijaona matokeo ya namna hiyo kwenye juhudi nyingine yoyote niliyoitaja hapa.

Hata hivyo usikimbilie kushangilia. Emma LaRocque, profesa Mmétis wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliandika 1997 akiukosoa mtazamo huu vikali. Hoja yake ni kwamba katika kijiji kidogo, ambapo mtendaji ana ndugu kila nyumba, aliyetendewa anaweza kusukumwa asamehe kabla hajawa tayari, na "mila" ikawa jina jipya la kumwonea huruma mkosaji. Mimi naona ana haki, na hapa ndipo swali langu la mwisho linapouma kuliko popote. Kipande cha ngozi kikianguka, kimeanguka. Duara likiharibika, binti wa miaka 13 anabaki kijiji kimoja na aliyembaka, na kijiji kimeshapiga muhuri kwamba yamekwisha. Kazi hii inataka watu waliokaa pamoja miaka, waliotibu majeraha yao wenyewe kwanza, na kiongozi asiyeogopa kumkabili kaka yake. Haiigwi kwa semina ya siku mbili. Akija mtu kwenye kundi letu na wazo kwamba "mambo ya familia tuyamalize wenyewe kwa wazee, kama Hollow Water", mwulizeni kwanza hatua ya pili kwake ni ipi.

Na basi

Hili fupi. Barabara Kuu 16 kutoka Prince George hadi Prince Rupert ni kilomita 720 hivi, vijiji viko mbalimbali, na kwa miaka mingi asiye na gari alisimama kando akaomba lifti ili afike kliniki au dukani. Mwaka 2006 familia na mataifa ya asili walikutana Prince George wakatoa mapendekezo 33, na moja lilikuwa basi. Basi tu. Mwaka 2008 Gladys Radek, aliyepotelewa na mpwa wake kwenye barabara hiyo, aliongoza watu kutembea kwa miguu kutoka Vancouver hadi Ottawa kudai majibu. Basi la umma lilianza kwenda 2017. Miaka 11! Na mwaka uliofuata kampuni kubwa ya mabasi iliyohudumia magharibi ya nchi ikaondoka. Mwaka 2021 ukatangazwa mpango wa kuziba kilomita 252 zisizokuwa na mtandao wa simu.

Kudai serikali ndiyo njia ya polepole kuliko zote, na inachosha, hata wanaoifanya mara nyingi huzeeka nayo. Lakini ikishinda, haitegemei tena roho njema ya mtu. Basi linakwenda awe dereva amebandika ngozi au hakubandika. Inataka sahihi, barua kwa mbunge, miili ya kujaza ukumbi siku ya kikao. Hivyo tunavyo. Na tusidhani ni kazi tofauti na zile nyingine: hapa Winnipeg, Bernadette Smith, ambaye dada yake alipotea 2008, alishiriki kuanzisha Drag the Red mwaka 2014, watu wa kujitolea walioburuta kulabu kwenye tope la Mto Red kutoka kwenye boti kutafuta walichoshindwa kutafutiwa. Mwaka 2017 alichaguliwa kuingia bunge la mkoa.

Basi tumpe nani

Ningekuwa na jioni mbili kwa mwezi na magoti mazima, ningekwenda doria, na kati ya zote mbili ningeanza na ile ya akina mama. Ningekuwa na zamu za usiku na watoto, kama wengi wetu, ningeiachia benki ikate dola ishirini kila mwezi ziende nyumba, hata kama hakuna atakayejua. Kipande cha ngozi kila mwanamume wa kundi achukue, bila mjadala, kwa sharti kwamba asikihesabu kuwa mchango. Barua za kudai mambo makubwa tuziandike mara moja kwa msimu, kwa jina la kundi. Duara tulisome, tusiliguse.

Kitu kimoja sikubali, nacho kilipendekezwa mara tatu: tuanzishe doria yetu wenyewe yenye jina letu. Mji huu una watu wanaojua kila kona na kila jina. Doria yetu ingesalimia watu wasiotujua, na wasiotuomba. Tujiandikishe kwao, tutembee nyuma, tubebe maji.

Kura ilipigwa Jumapili. Nyumba ilishinda, doria ikafuata, na watu sita wameshajaza fomu. Wanaume kumi na wanne wameagiza ngozi. Nilidhani yameisha, hadi kaka yule aliyekuwa wa kwanza kutaka doria aliponiandikia pembeni, si kwenye kundi. Alitaka kujua kuhusu vile vikao vya Ontario: kama tukianzisha vyetu, je, ni lazima mtu aseme alichofanya, au anaweza kukaa tu asikilize?

Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia.